Kwisha, kumaliza, kukoma: kila mwisho una neno lake

Maji yakikosekana Mombasa, kitenzi unachokitumia ndicho kinachomwambia jirani afanye nini. Ukisema "maji yamekatika", atajua kwamba mfereji umekauka mtaa mzima na huenda yakarudi usiku, basi ataweka ndoo chini ya bomba na kungoja. Ukisema "maji yamekatwa", ataelewa kuwa yupo aliyeyakata, pengine kwa sababu ya bili, na kwamba nyumba ya pili wanaoga kama kawaida. Ukisema "maji yamekwisha", ni pipa lako au tangi lako lililobaki tupu, na la kufanya ni kumtafuta mwenye mkokoteni akuletee mitungi ya lita 20.

Stima nazo ni hivyo hivyo. "Zimepotea" au "zimekatika" maana yake ni giza la wote, na kila mtu atachungulia dirishani kuona kama jirani naye hana. "Zimekatwa" ni deni. "Tokeni zimekwisha" ni lako peke yako: nunua nyingine, bonyeza tarakimu 20 kwenye mita, taa ziwake. Mtu akisema "stima zimekwisha" wenyeji watamuelewa, lakini lazima waulize swali la pili: zimekwisha tokeni au zimekatika? Neno lililochaguliwa vizuri huondoa swali hilo.

Kamusi nyingi huyapanga maneno haya pamoja kana kwamba yanapokezana: isha, malizika, koma, katika, kamilika, timia, hitimu. Hayapokezani. Kabla ya kuchagua, jiulize mambo mawili. Je, kuna mtu aliyekifikisha kitu mwisho, au kimefika chenyewe? Na je, kimefika ukingoni mwake, au kimesimama njiani? Maswali hayo mawili yanatosha kutenganisha karibu yote.

Tuanze na kwisha, kwa sababu ndilo neno kubwa. Shina lake ni -isha, na ile ku- ya mwanzo hung'ang'ania pale pale inapong'ang'ania katika kwenda: inakwisha, ilikwisha, imekwisha, itakwisha. Huanguka katika umbo la -ki-, katika -ja- ya kukanusha na katika dhamira tegemezi, ile ya kutaka jambo litendeke: ikisha, haijaisha, iishe. Siku hizi "imeisha", "inaisha" na "itaisha" zimeenea sana, hata magazetini, na sioni sababu ya kuzipiga vita. Ila katika barua rasmi au hotuba, "imekwisha" bado ina uzito ambao "imeisha" haina. Lisilofaa ni kuchanganya yote mawili katika aya moja.

Kosa linaloumiza zaidi liko kwenye irabu ya mwisho. Kuisha na kuishi ni vitenzi viwili visivyo na udugu. Isha ni neno la Kibantu. Ishi limetoka Kiarabu, kwenye neno la maisha. Sasa soma sentensi hizi mbili: "Samaki wanaishi baharini." "Samaki wanaisha baharini." Ya kwanza ni somo la darasa la pili, ya pili ni kilio cha wavuvi. Herufi moja tu inazitenganisha, na simu ikikurekebishia herufi hiyo kabla hujatuma, taarifa yako imegeuka.

Ugumu wenyewe hasa uko kwenye ukanushi. Vitenzi vya Kibantu vinavyoishia na -a hugeuka -i katika wakati uliopo: hasomi, hapiki, haishi. Vile vyenye asili ya Kiarabu havibadiliki: haishi. Kwa hiyo "samaki hawaishi baharini" inaweza kumaanisha kwamba makao yao si baharini, au kwamba hawamaliziki hata uvue vipi. Sarufi haikupi njia ya kuzitofautisha, wala matamshi hayasaidii. Dawa ni kubadilisha neno. Sema "hawamaliziki" au "hawapungui" ukikusudia kwisha, na "hawakai" ukikusudia makao. Watu wa pwani hupenda kukaa kuliko kuishi hata hivyo. "Anakaa Likoni" haina utata wowote. Dhamira tegemezi ni salama: "waishi" ni uhai, "waishe" ni kutoweka.

Na isha ya swala haihusiani na hizo zote mbili. Ni jina la swala ya usiku, limekuja na Kiarabu chake. "Tuonane baada ya isha" haimaanishi baada ya kitu kwisha, ingawa wanaojifunza Kiswahili huichukulia hivyo na kuja saa isiyo yake.

Unyambulishaji wa isha umetupa maneno mawili yanayofanya kazi kutwa. La kwanza ni ishia, yaani kufikia mwisho wake mahali fulani. Ukipanda matatu usiyoijua, swali ni "gari hili linaishia wapi?", na jibu ni jina la kituo: Mtwapa, Kongowea, Feri. Ukiuliza "linaenda wapi?" utatajiwa njia nzima, na huenda ukashushwa kabla ya ulikotaka. Ishia hubeba pia maana ya kujikuta pahali usipopanga: "walianza na biashara ya nguo wakaishia kuuza viazi". Hapa pia kuishi kunajipenyeza, kwa sababu ishi nayo ikinyambuliwa hutoa ishia. "Aliishia Kisauni" yaweza kuwa ndiko alikokaa au ndiko safari yake ilikokoma. Maneno yaliyo karibu nalo katika sentensi ndiyo yatakayoamua, basi yaandike.

La pili ni ishiwa. "Sukari imekwisha" inaizungumzia sukari. "Nimeishiwa na sukari" inakuzungumzia wewe. Dukani huhitaji kusema zaidi ya hilo la pili ili mwenye duka ajue unataka kukopa. Watu husema "nimeishiwa sukari" na "nimeishiwa na sukari", na yote yanapita. Likisimama peke yake bila kutaja kitu, "nimeishiwa" ni pesa. Likitajwa la mtu mwingine, "ameishiwa", laweza pia kuwa ni hoja au nguvu zimemtoka, na hapo linauma kidogo.

Mkahawani asubuhi utalisikia kwisha katika hali yake safi kabisa. Mteja anaagiza mahamri na mbaazi. Mwenye mkahawa anajibu "mahamri yamekwisha, mbaazi zipo". Hakusema "tumemaliza mahamri", kwa sababu hiyo ingeweza kueleweka kuwa ndiyo kwanza wamemaliza kuyachoma na yako moto. Kwisha kunaonyesha kuwa sahani ni tupu. Kumaliza kunaonyesha kuwa kazi imetimizwa. Mteja mwenye njaa anahitaji kujua ni lipi kati ya hayo.

Kitenzi hiki kina kazi nyingine ambayo wengi wanaifanya bila kuitambua. "Nimekwisha kula" ilisogezwa ikawa "nimeshakula", na mdomoni mwa Mombasa ikafupika zaidi: "nshakula". Ile -sha- ya katikati ni isha yenyewe iliyonyolewa kichwa. Kwa nafsi ya tatu huku kwetu husemwa "keshakula", "keshafika", "keshaondoka". Umbo hilo linatokana na ka- ya Kimvita, lahaja ya Mombasa, ile ile ya "kaja" na "kafa", ikikutana na isha: ka na i huwa ke. Kwa hiyo "keshalala" ni mtu ambaye tayari amelala, si mtu aliyekesha. Ukiiandika, iunganishe; ukiitenga "kesha lala" msomaji wa bara atasoma kukesha na kulala kwa pamoja na atachanganyikiwa kwa haki.

Hata "kisha" ya kusimulia hadithi ni zao la isha, mabaki ya "ikisha": jambo hili likimalizika, ndipo linafuata lile. Ndiyo maana kisha haipendezi pale ambapo jambo la kwanza bado linaendelea. "Alikuwa akipika kisha mgeni akabisha hodi" ina kasoro. Hapo panafaa "mara" au "ndipo". "Alipika, kisha akapakua" imekaa sawa, kwa sababu kupika kumeshakwisha.

Na hiyo "kumeshakwisha" itazame vizuri. Kiambishi -me- chenyewe wanaisimu wa historia hukieleza kuwa kimetokana na kitenzi cha kale, mala, kilichokuwa na maana ya kumaliza. Halafu ipo -sha- iliyotokana na isha. Halafu ndiyo kitenzi chenyewe, kwisha. Mwisho umetajwa mara tatu ndani ya neno moja, na bado linatamkika kwa wepesi. Lugha hii ni tajiri kwa namna ambayo hatuisemi vya kutosha.

Mala yenyewe haisemwi tena katika Kiswahili cha leo, lakini mtoto wake, maliza, anatamba. Kumaliza kunataka mtendaji na kunataka kitu kinachomalizwa: "fundi amemaliza dari", "watoto wamemaliza mtihani". Kosa la kawaida ni kukipa kitu kazi ya mtu. "Kipindi kimemaliza", "mkutano umemaliza saa sita": kipindi hakimalizi, kinamalizika, mkutano ulimalizika au ulikwisha. Ukisikia "mkutano umemaliza" sikio linangoja litajiwe umemaliza nini. Kosa hili nadhani linakua kwa sababu Kiingereza hutumia neno moja kwa pande zote mbili, na anayewaza kwa Kiingereza hulibeba hivyo hivyo.

Malizia ni kuondoa kilichobaki. "Maliza chai" ni amri ya jumla. "Malizia chai" inakiri kwamba umeshainywa nyingi na iliyosalia ni kidogo. Sokoni muuzaji anayetaka kufunga atakuambia "chukua hizi za kumalizia", na hapo ujue mafungu mawili matatu ya mwisho yanaweza kushuka bei. Malizana ni kumaliza baina ya watu wawili: deni limelipwa au ugomvi umesuluhishwa. "Tumemalizana" baina ya mwenye nyumba na mpangaji ni risiti ya mdomo. Ila angalia: kummaliza mtu ni kumuua au kumharibia kabisa. "Nimemaliza naye" na "nimemmaliza" ni mbali kama Nyali na Nairobi.

Ugomvi una kauli yake fupi: "yaishe". Ni ombi na ni kukubali kushindwa kwa heshima. Anayesema "basi, yaishe" hakubali kuwa alikosea. Anakubali tu kuacha. Wa upande wa pili akijibu "yamekwisha", shauri limefungwa. Akijibu "tumeyamaliza", ameongeza kuwa wote wawili wamehusika. Wazee wanaposuluhisha huzingatia sana tofauti hii, na wanasikiliza nani amesema lipi.

Koma ni jambo jingine. Kukoma ni kuacha kuendelea, kazi iwe imetimia au haijatimia. Damu hukoma kutoka, homa hukoma, mishahara yaweza kukoma. Kwa mvua, pwani tuna neno zuri zaidi: mvua "imeanuka", yaani imeacha kunyesha na anga linafunguka. "Mvua imekatika" ni imesimama, huenda ikarudi baada ya dakika kumi. "Mvua zimekwisha", kwa wingi, ni msimu uliopita: masika ya Machi hadi Mei yameondoka na wenye kuezeka mapaa wanaweza kuanza kazi. Mwenye nguo kambani atayatofautisha haya vizuri kuliko mwalimu yeyote.

"Koma!" kama amri ni kali. Huambiwa mtoto aliyerudia kosa, tena na mtu mwenye haki ya kumkemea. Kwa mtu mzima ni tusi, na kwa mzee halisemwi kamwe. Hapo hutumiwa "basi", "yatosha", au "tafadhali acha", tena kwa shikamoo mbele. Komesha ni kulazimisha jambo likome, na kumkomesha mtu ni kumtia adabu asirudie. Majina yake ni kikomo na ukomo. Kikomo ni mpaka wenye kipimo, kama kikomo cha mwendo cha kilomita 80 kwa saa kinachowekewa matatu. Ukomo ni hali ya kufikia mwisho: ukomo wa mihula ya uongozi, ukomo wa hedhi. Usiandike ukoma ukikusudia ukomo, kwa maana ukoma ni maradhi. Koma ya uandishi ni ya mkopo tu, na wala haikomeshi sentensi. Nukta ndiyo ifanyayo hivyo.

Lipo kundi la maneno yanayosema kwamba kitu hakikwisha tu, kilijaa kwanza: timia, timu, kamilika. Mfano ulio wazi kuliko yote uko kwenye mwezi wa Ramadhani. Jioni ya tarehe 29 watu hutazama upande wa magharibi. Mwezi ukiandama, funga "imekwisha" kwa ishirini na tisa. Usipoonekana, "zinatimizwa" thelathini. Hakuna asemaye "zinamalizwa thelathini", kwa sababu kinachotajwa ni hesabu kujaa. Vivyo hivyo kijana "ametimu" au "ametimiza" miaka 18, hakuimaliza. Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi: siku zikitimia, husemwa "eda imekwisha" na yeye "katoka eda". Siku hutimia, eda hukwisha, mtu hutoka. Vitenzi vitatu kwa tukio moja, na kila kimoja kina mwenyewe.

Kamilika huangalia sehemu. Nyumba imekamilika ikiwa milango, madirisha na vyoo vyote vipo. Ujenzi waweza kukoma kwa sababu ya pesa kwisha, nyumba isiwe imekamilika. Wanaoandikiana mikataba na mafundi wafanye hima kuandika "kazi itakapokamilika" mahali pa "kazi itakapokwisha", na waorodheshe kabisa kilichohesabiwa ndani ya ukamilifu huo. Ugomvi mwingi wa malipo ya mwisho unaanzia hapo.

Halafu yapo maneno yaliyoingia kupitia chuoni, yaani madrasa, na msikitini. Kuhitimu asili yake ni kuifikisha Qur'ani mwisho, na ndipo likahamia shuleni na vyuo vikuu. Khitma inayosomewa marehemu inatokana na mzizi huo huo. Juzuu 30 hugawiwa waliohudhuria, kila mmoja na yake. Mmoja asipofika mwisho, khitma haijatimia hata kama wengine wamefunga misahafu, na dua hungoja. Hatima ni ndugu wa neno hilo, na hatimaye ni "hatima yake" iliyofupishwa, kama mwishowe ilivyo "mwisho wake". Kwa hiyo "hatimaye yake" ni kurudia. Nakushauri pia uiweke hatimaye pale ambapo kuna kungoja. Jambo la haraka halina hatimaye.

Tamati ni Kiarabu cha "imetimia", neno lililowekwa na waandishi wa miswada mwishoni mwa kazi. Washairi wetu walilichukua pamoja na kitangulizi chake wakapata kaditamati, "kwa yakini imetimia", na ndiyo maana ubeti wa mwisho wa shairi mara nyingi hufunguliwa kwa neno hilo. Humo kimetoka kitenzi, tamatisha, na kimeshika. Tofauti ya kulinda ni hii: kutamatisha ni kufikisha mwisho tu, kuhitimisha ni kufikia neno linalotokana na hoja zilizotangulia. Insha yaweza kuwa na tamati isiwe na hitimisho, na walimu huipunguzia alama kwa sababu hiyo.

Mwisho lenyewe, jina lililotoka kwenye isha, halina shida ila moja: likiongezewa -ni, linataka mwa. "Mwishoni mwa mwezi", si "mwishoni wa mwezi". Sokoni Kongowea au Marikiti linageuka bei: "mwisho ngapi?" ni kuuliza kiwango ambacho muuzaji hatashuka chini yake. Usiulize hivyo mapema. Ukianza nayo kabla hujatoa bei yako, utatajiwa mwisho usio mwisho. Toa bei, subiri ajibu, toa tena, ndipo uulize.

Kwa dawa, leseni na bima, sema "muda wake umekwisha" au "imepita tarehe". Usiseme "imepitwa na wakati", kwa kuwa hiyo ni ya fikra na mitindo. Na ukienda matangani, kumbuka kwamba marehemu hasemwi "amekwisha". Neno hilo husemwa kwa aliye hai aliyekondeshwa na maradhi, tena kwa sauti ya chini na nje ya chumba. Aliyekufa "amefariki", "ametangulia", au kwa kusimulia saa yenyewe, "alikata roho".

Kwenye barua na hotuba, wengi hufunga kwa "naomba niishie hapa". Ni sahihi, ila linaweza kusomeka kama ombi la makazi, kwa sababu ile ile ya isha na ishi. "Nikomee hapa" halina utata huo, ijapokuwa kukomea ni pia kufunga mlango kwa komeo, na picha hiyo haiharibu kitu. Barua ikishafika hapo, "wasalaam" hutosha, kisha jina na tarehe.